Maisha ya Berzelius, Mpima Atomu



Nilipoombwa kuandika maisha ya mtu mashuhuri aliyekwisha kutangulia mbele ya haki, bila shaka wengi walitarajia ningechagua jemadari fulani au kiongozi wa nchi. Mimi nimemchagua mkemia wa Uswidi aliyefariki mwaka 1848, na sababu yangu ni deni. Hapana budi nilieleze deni lenyewe kwanza.

Nilipokuwa Kidato cha Tatu, mwalimu wetu wa Kemia aliandika ubaoni fomula hii: KAl(SO₄)₂·12H₂O. Akatuambia tusitishike, kwani hiyo ni shabu tu, lile jiwe jeupe ambalo kinyozi hulipitisha shavuni baada ya kunyoa, na ambalo mama zetu hulikoroga katika maji ya mtoni ili tope lituame. Kisha akauliza fomula ile ina atomu ngapi. Mimi, niliyekuwa na sifa ya wepesi wa hesabu, nilinyoosha mkono kabla ya wengine na kujibu kuwa ni 37. Nilikuwa nimehesabu sawasawa sehemu ya kwanza: potasiamu 1, alumini 1, salfa 2, oksijeni 8, jumla 12. Lakini nilipofika kwenye maji, ile 12 nikaizidisha kwa hidrojeni peke yake na oksijeni nikaiacha ilivyo. Darasa zima liliangua kicheko. Mwalimu hakucheka. Alieleza kwa upole kuwa tarakimu ndogo ya chini huitawala herufi au mabano yaliyoitangulia, bali tarakimu kubwa ya mbele hutawala kila kitu kinachofuata. Kwa hiyo maji yana hidrojeni 24 na oksijeni 12, yaani atomu 36. Ukijumlisha na zile 12 za kwanza, jibu ni 48.

Kanuni ile niliishika, na mtihani nikaufaulu. Lakini katika miaka yangu yote hapa shuleni sikuuliza swali lililokuwa wazi mbele yangu: ni nani aliyeziona hizo atomu 48 hata akazihesabu? Alijuaje kuwa maji yale ni 12, wala si 11 au 13? Jibu nililipata baadaye, nilipokuwa Chuo Kikuu, na ndilo lililonifikisha kwa mtu huyu.

UTOTO WA YATIMA

Jöns Jacob Berzelius alizaliwa tarehe 20 Agosti 1779 katika kijiji cha Väversunda, kusini mwa Uswidi. Baba yake alikuwa mwalimu katika mji wa Linköping. Mtoto alipotimiza miaka minne, baba alifariki. Mama aliolewa tena na mchungaji mmoja aliyekuwa mjane mwenye watoto wake, lakini naye hakuishi sana. Alifariki kabla mwanawe hajatimiza miaka kumi. Baba wa kambo alikuwa mtu mwema, aliyewapenda watoto hawa na kuwafundisha kutazama mimea na wadudu. Hata hivyo, alipooa tena, Jöns Jacob alipelekwa kwa mjomba wake, na huko hakupata raha. Akiwa bado kijana mdogo alijitafutia riziki kwa kuwafundisha watoto katika shamba la watu.

Katika shule ya sekondari ya Linköping hakuwa mfano wa kuigwa. Alipenda kuzunguka porini na bunduki akitafuta ndege wa kuwachunguza kuliko kukaa darasani, na jambo hilo lilimtia katika matata na walimu. Alipomaliza, cheti chake kilieleza kwamba ni kijana mwenye akili, lakini mwenendo wake si mzuri na matumaini juu yake ni ya mashaka. Naomba wadogo zangu wasilichukue jambo hili kuwa ruhusa ya kutoroka vipindi. Naomba pia walimu wetu walikumbuke wanapoandika ripoti za mwisho wa muhula.

MLANGO WA NYUMA

Mwaka 1796 aliingia Chuo Kikuu cha Uppsala kusomea udaktari. Kemia ilimvuta, ila nafasi ya kufanya majaribio katika maabara ya chuo ilikuwa finyu, na profesa hakuwa mwepesi wa kuiongeza. Inasimuliwa kwamba Berzelius alipatana na mtunza maabara amfungulie mlango wa nyuma, na kwa muda akafanya kazi zake humo kwa siri. Profesa alipomfumania alimkemea, kisha akamwambia kuanzia hapo apitie mlango wa mbele kama watu wengine. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nasi tunaona kuwa kijana huyu hakuona haya kuinama.

Mwaka 1800 Mwitalia Alessandro Volta alitangaza betri yake ya kwanza. Berzelius alijitengenezea ya kwake kwa vipande vya shaba na zinki, akaitumia katika utafiti uliompatia shahada ya udaktari mwaka 1802. Alikuwa amejaribu kuwatibu wagonjwa kwa umeme, na matokeo hayakuwa makubwa. Faida iliyopatikana ilikuwa nyingine. Mwaka 1803, akiwa na rafiki yake Wilhelm Hisinger, aliona kwamba umeme ukipitishwa katika maji ya chumvi, sehemu moja ya chumvi hukimbilia upande mmoja wa betri na sehemu nyingine hukimbilia upande wa pili. Alitoka na imani kwamba kila kampaundi imeshikwa pamoja na mvutano wa sehemu chanya na sehemu hasi. Imani hiyo ilimsaidia sana, na hatimaye ikamponza, kama tutakavyoona.

Mwaka huohuo wawili hao waligundua elementi ya seri. Usidhani kwamba sifa zilimletea fedha. Alikuwa daktari wa maskini mjini Stockholm, tena alijiingiza katika biashara ya maji ya madini na ya siki, zote zikaanguka, na madeni yake yalimchukua miaka mingi kuyalipa. Nafuu ilikuja mwaka 1807 alipofanywa profesa huko Stockholm, katika mafundisho ya udaktari ambayo mwaka 1810 yalizaa Taasisi ya Karolinska inayojulikana hadi leo.

MAABARA YA JIKONI

Profesa huyu mpya alitaka kuwaandikia wanafunzi wake kitabu cha Kemia, na sehemu ya kwanza ilitoka mwaka 1808. Katika kukusanya habari za kitabu hicho aligundua kwamba vipimo vilivyokuwapo havikupatana. Mtaalamu mmoja alitaja uzito huu, mwingine alitaja ule, na wengine walikuwa wamenakili tu kutoka kwa wenzao. Mwaka huohuo, Mwingereza John Dalton alitoa kitabu chake kilichoeleza kwamba kila elementi ina atomu zenye uzito wake, na kwamba atomu huungana kwa hesabu ndogo zilizo kamili, moja kwa moja, au moja kwa mbili. Wazo lilikuwa kubwa na la kweli, ila vipimo vya Dalton vilikuwa vya kukisia. Alisema kwa mfano kwamba oksijeni ni nzito mara 7 kuliko hidrojeni.

Berzelius aliona kwamba wazo zuri namna hii halina faida mpaka apatikane mtu wa kuketi na kupima. Akaketi yeye. Kwa muda wa miaka kama kumi alichambua karibu kampaundi 2,000. Alipima, akachoma, akayeyusha, akachuja, akakausha, akapima tena. Haba na haba hujaza kibaba. Na kibaba hiki kilijazwa kwa vipimo vya chembechembe za gramu.

Msomaji asidhani kwamba alikuwa na jumba la maabara lenye bomba la gesi na la maji. Mjerumani Friedrich Wöhler, aliyekwenda kujifunza kwake mwaka 1823, alieleza baadaye alivyoshangaa kukuta vyumba viwili vya kawaida vyenye meza, na jiko la nyumbani likiwa sehemu ya maabara. Humo Anna, mpishi wake, alipika chakula, na hapohapo palikuwa na tanuru dogo na sinia la mchanga wa moto lisilopoa. Anna ndiye aliyeosha vyombo vya kioo. Siku moja alilalamika kwamba chombo alichokuwa akiosha kinanuka asidi ya oksimuriati, jina la zamani la klorini, na bwana wake akamwelekeza kwamba tangu sasa aseme klorini.

Kisa hicho kinachekesha, lakini ndani yake mna jambo. Kwa miaka kama kumi Berzelius alikuwa amebisha kwamba klorini si elementi, bali ni kampaundi yenye oksijeni. Wengine walikuwa wameonyesha vingine tangu mwaka 1810. Alipotosheka na ushahidi alikubali kushindwa, na badiliko hilo likamfikia hata mpishi.

HERUFI NA TARAKIMU

Sasa tufikie kile ambacho kila mwanafunzi wa Kemia anacho mkononi kutoka kwa mtu huyu. Dalton alichora atomu kwa viduara. Hidrojeni ilikuwa kiduara chenye nukta, oksijeni kiduara kitupu, kaboni kiduara cheusi, na kadhalika. Mtu aliyetaka kuandika shabu alilazimika kuchora viduara vingi kama shanga, na mpiga chapa alihitaji herufi mpya za risasi kwa kila kimoja.

Mwaka 1813 na 1814, katika jarida moja la London, Berzelius alipendekeza njia nyepesi. Kila elementi ipewe herufi ya kwanza ya jina lake la Kilatini, na zikigongana iongezwe herufi ya pili. Ndiyo maana hadi leo chuma ni Fe kutoka ferrum, fedha ni Ag kutoka argentum, dhahabu ni Au kutoka aurum, risasi ni Pb kutoka plumbum. Tulipokuwa wanafunzi tulinung'unika kwamba herufi hizo hazifanani na majina tuliyofundishwa. Sababu ni kwamba Kilatini hakikuwa lugha ya taifa lolote, na kila mtaalamu wa Ulaya alikielewa, kwa hiyo hakuna aliyeweza kulalamika kwamba jirani yake amependelewa.

Herufi peke yake ilimaanisha atomu moja. Zikiwa zaidi, iliwekwa tarakimu. Berzelius aliziweka juu, akaandika H²O; zilishushwa chini mwaka 1834 na Wajerumani, akiwamo Justus von Liebig, wasije watu wakazichanganya na vipeo vya hesabu. Dalton hakuzipenda kamwe alama hizi. Aliona kwamba zitamtaabisha mwanafunzi kama vile kujifunza Kiebrania. Historia ilimhukumu vingine, kwani leo mtoto wa Tanga, wa Tokyo na wa Stockholm wakiandika H₂O wanaelewana bila mkalimani.

Lakini wepesi huo wa kuandika unaficha jasho. Kuandika tarakimu ni kazi ya sekunde moja. Kuistahili ndiyo kazi. Mwaka 1819, alipokuwa Ufaransa, Berzelius alishirikiana na Pierre Dulong kupima maji upya, wakapata kwamba katika sehemu 100 za uzito, hidrojeni ni 11.1 na oksijeni ni 88.9, yaani 1 kwa 8. Mizani ilikomea hapo. Kama atomu ni moja kwa moja, kama alivyodhani Dalton, fomula ni HO na oksijeni ina uzito wa 8. Kama hidrojeni ni mbili, fomula ni H₂O na oksijeni ni 16. Berzelius alichagua H₂O kwa sababu Mfaransa Gay-Lussac alikuwa ameonyesha kwamba maji hutokana na ujazo mbili wa gesi ya hidrojeni na ujazo mmoja wa oksijeni.

KOSA LA CHUMA

Katika vyuma hakukuwa na gesi ya kumwongoza, na hapo ndipo alipokosea. Nawaomba wadogo zangu wachukue kalamu na karatasi, kwani hesabu yenyewe si ngumu.

Chuma kina oksaidi mbili zinazojulikana sana. Katika ya kwanza, gramu 56 za chuma zimeungana na gramu 16 za oksijeni. Katika ya pili, gramu 56 zilezile zimeungana na gramu 24. Uwiano wa 16 kwa 24 ni 2 kwa 3. Basi, fomula zake ni zipi? Berzelius aliamua kwamba atomu ya chuma ni moja, na oksijeni ni 2 na 3. Akaandika FeO₂ na FeO₃. Hesabu inakubali kabisa. Lakini inakubali vilevile ukiandika FeO na Fe₂O₃, kwani oksijeni 3 kwa chuma 2 ni sawa na moja na nusu kwa chuma 1. Mizani haiwezi kukuambia ipi ni kweli. Ukiamini ya kwanza, atomu ya chuma inakuwa nzito mara mbili ya ukiamini ya pili.

Kwa zaidi ya miaka kumi majedwali ya Berzelius yalikuwa na kosa hilo, si kwa chuma tu bali kwa metali nyingi. Msaada ulikuja kutoka kwa kijana mmoja Mjerumani, Eilhard Mitscherlich, aliyetangaza mwaka 1819 kwamba kampaundi zilizojengwa kwa hesabu moja ya atomu huganda kwa fuwele za umbo moja. Berzelius alimkaribisha Stockholm afanye kazi naye. Na hapa shabu yetu inarudi. Shabu inaweza kutengenezwa kwa alumini, kwa chuma, au kwa kromi, na zote tatu huganda kwa umbo lilelile. Kwa hiyo oksaidi za metali hizo tatu lazima ziwe na hesabu moja. Habari za asidi ya kromi zilionyesha kwamba oksaidi yake ya kijani ni Cr₂O₃. Kama hivyo ndivyo, basi alumini ni Al₂O₃ na chuma ni Fe₂O₃.

Sasa fikirini. Mtu huyu alikuwa katibu wa kudumu wa Chuo cha Sayansi cha Uswidi tangu mwaka 1818. Kila mwaka alitoa taarifa ya maendeleo ya sayansi, na wataalamu wa Ulaya waliisubiri kama wanafunzi wanavyosubiri matokeo, maana neno lake lilikuwa hukumu. Majedwali yake yalikuwa katika vitabu vya mataifa mengi. Je, angeshindwa nini kunyamaza? Hakunyamaza. Mwaka 1826 alitoa jedwali jipya, na uzito wa chuma, alumini, kromi na metali nyingine nyingi akaugawa kwa mbili. Kwa kipimo cha oksijeni 16, atomu ya chuma ilishuka kutoka 108 na ushee hadi 54 na ushee. Leo tunajua ni 55.85. Katika jedwali hilohilo klorini ilikuwa 35.41, na leo ni 35.45, risasi ilikuwa 207.1, na leo ni 207.2. Kumbukeni kwamba vipimo hivyo vilitoka katika maabara iliyochangia jiko na mpishi.

HESABU SAWA, VITU MBALIMBALI

Katika miaka hiyo aligundua pia seleni, mwaka 1817, katika masimbi mekundu ya kiwanda cha asidi ya salfa. Akaitenga silikoni mwaka 1824. Na mwaka 1828 akaipata thori. Maneno kadhaa yaliyomo katika vitabu vyetu ni yake, likiwamo lile la kichocheo kinachoharakisha badiliko la kikemia bila chenyewe kuliwa, alilolitoa mwaka 1835.

Neno moja linahusu habari yetu moja kwa moja. Mwaka 1828 Wöhler, mwanafunzi wake wa zamani, alitengeneza urea, kitu kilichomo katika mkojo, kutokana na sianeti ya amonia. Hebu zihesabuni atomu zake. Sianeti ya amonia ni NH₄CNO; ina nitrojeni 2, hidrojeni 4, kaboni 1 na oksijeni 1. Urea ni CO(NH₂)₂. Nayo ina kaboni 1, oksijeni 1, nitrojeni 2 na hidrojeni 4. Hesabu ni ileile, na vitu ni viwili tofauti. Berzelius mwanzoni alisita kuamini jambo la namna hii, lakini yeye mwenyewe alipokuta mfano mwingine katika asidi za zabibu alikubali, na mwaka 1830 akalipa jina la isomeri. Hivyo yule aliyetufundisha kuhesabu atomu alitufundisha pia kwamba kuhesabu peke yake hakutoshi. Ni lazima kujua nani ameketi karibu na nani.

UKAIDI WA UZEENI

Mwaka 1835, akiwa na miaka 56, alimwoa binti wa miaka 24, Elisabeth Poppius, na mfalme akampa cheo cha ubaroni kuwa zawadi ya arusi. Heshima ilikuwa imejaa. Lakini nisingekuwa mkweli kama ningeishia hapa.

Tangu mwaka 1811 Mwitalia Amedeo Avogadro alikuwa amependekeza kwamba gesi kama hidrojeni na oksijeni zina molekuli za atomu mbilimbili. Wazo hilo lingemaliza ubishi mwingi. Berzelius hakulikubali, kwani kwa imani yake ya chanya na hasi, atomu mbili za aina moja zingefukuzana. Baadaye Mfaransa Jean-Baptiste Dumas alionyesha kwamba klorini, ambayo ni hasi, inaweza kushika nafasi ya hidrojeni, ambayo ni chanya, na tabia ya kampaundi isibadilike sana. Berzelius alikataa, akabuni maelezo magumu juu ya maelezo magumu ili kuiokoa imani yake ya ujana. Marafiki walipungua, vijana waliacha kumsikiliza, naye akawa mzee mwenye uchungu. Mtu aliyekubali kusahihishwa na mizani hakukubali kusahihishwa na wadogo zake. Alifariki Stockholm tarehe 7 Agosti 1848.

Aliacha kazi haijaisha. Fedha, sodiamu na potasiamu zilikuwa bado na uzito mara mbili katika majedwali yake, na kwa hesabu yake chumvi ya mezani ilikuwa na klorini mbili kwa sodiamu moja. Wataalamu waligawanyika kila mmoja na fomula zake, hata mwaka 1861 Mjerumani August Kekulé aliweza kuorodhesha fomula 19 mbalimbali za asidi ya siki peke yake. Njia ilikuwa imefunguliwa mwaka mmoja kabla, Septemba 1860, katika mkutano wa wakemia mjini Karlsruhe, ambapo Mwitalia Stanislao Cannizzaro alifufua wazo la Avogadro, na nakala za maelezo yake zikagawiwa kwa wajumbe. Uzito wa fedha na wa sodiamu uligawiwa kwa mbili, chumvi ikawa NaCl, na tarakimu ndogo zikatulia mahali zilipo leo. Herufi zilibaki za Berzelius.

TUNACHODAIWA

Mimi ni mtumishi wa Serikali, na kazi yangu ni mafaili. Miaka ya mwanzo ya kazi nilipewa kuandika mahitaji ya madawati ya shule kadhaa. Nilikuta tarakimu katika taarifa ya mwaka uliotangulia, nikainakili, kwa kuwa ilikuwa imepigwa chapa vizuri na kutiwa sahihi. Hakuna aliyekwenda kuhesabu, si mimi wala aliyenitangulia. Madawati yalipofika hayakutosha, na watoto walioketi sakafuni mwaka ule waliketi kwa sababu ya kalamu yangu. Tangu siku hiyo, kila nionapo tarakimu nauliza swali lile nililoshindwa kuuliza Kidato cha Tatu: nani aliipima?

Hili ndilo deni langu kwa Berzelius, na ningependa tulilipe pamoja. Wadogo zangu, ile 12 iliyo mbele ya maji ya shabu msiiamini kwa sababu imeandikwa kitabuni. Mwombeni mwalimu mpime gramu 100 za shabu safi, muipashe moto polepole mpaka maji yote yatoke, kisha mpime tena. Ikiwa maji ni 12, zitapungua kama gramu 45.6. Yakiwa 11 au 13, jibu litakuwa jingine. Jaribuni mwone.

Nanyi wenzangu wa zamani, tutakapokutana kupanga michango yetu kwa shule, wengi watasema tujenge lango jipya lenye majina yetu. Sipingi lango. Naomba tu kwamba kabla ya hilo twende maabara, tufungue kabati, na tuitazame mizani. Kama haipimi, tununue nyingine kwanza.